Mama Mwalimu, Mliona Simba Huko Gambia?



Tangu tuliporudi kutoka Gambia, swali ni moja. Sokoni, kwenye mkutano wa likelemba, hata mlangoni pa masomo asubuhi, mtu anatushika mkono na kuuliza: "Mama Mwalimu, mliona simba huko?" Tukijibu kwamba hatukuona, anauliza juu ya tembo. Tukisema kwamba tembo pia hakuna, tunaona kabisa kuwa safari yetu imepungua thamani mbele yake. Mama mmoja alituambia waziwazi: "Sasa mlivuka Afrika nzima kwenda kuona nini?"

Tumeona vema tuwajibu wote mara moja, hapa katika gazeti letu la kila juma. Wanyama tuliwaona, tena wengi. Isipokuwa karibu wote tuliwaona pale pale wanapoishi watu, na mara nyingi pale wanapofanya kazi wamama.

Kwanza tueleze tulifikaje huko, maana kuna wanaosema tulipelekwa na watalii. Mwalimu mwenzetu ana dada mdogo aliyeolewa Gambia. Alikaa miaka sita bila mtoto, halafu mwaka huu Mungu akamjalia. Mama yao ni mzee, magoti hayamruhusu kupanda ndege. Basi wakati wa vakansi kubwa sisi wawili tukaenda kumsaidia mzazi: kumpikia, kumwogesha mtoto, kumwacha alale. Bwana yake alilipa tiketi moja, na ya pili tuliilipa kwa zamu yetu ya likelemba pamoja na akiba. Tulikaa majuma matano.

Gambia ni inchi ndogo kuliko zote katika bara la Afrika, ukiacha visiwa. Inafuata mto wake kutoka mashariki hadi bahari ya Atlantiki, na upana wake haufiki kilomita 50. Pande zote ni Senegal, isipokuwa upande wa bahari. Watu ni wengi na mashamba ya karanga yamejaa. Simba, tembo na twiga waliokuwako zamani waliwindwa na kusukumwa mpaka wakaisha. Kwa hiyo msafiri anayetaka wanyama wakubwa wa picha za kalenda atarudi amenuna. Hata sisi wa Kongo tusijivune sana, kwani tunajua hali ya wanyama wetu.

Asubuhi ya kwanza tulienda kuchota maji kwenye bomba la uani. Chini ya bomba alilala mnyama mrefu kama mkono wa mtu mzima, ngozi yake ya madoa, ulimi umegawanyika, anakunywa maji yanayodondoka. Tulipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Mama mkwe wa mzazi alitoka ndani, akapiga kofi mara moja, mnyama akaenda zake polepole. Alikuwa kenge. Huko kenge wanatembea kwenye nyua na bustani kama kuku wetu, wanakula mayai, vyura na taka za jikoni. Hamfuati mtu. Ukimshika ndipo atakuuma na kukupiga kwa mkia.

Juu ya bati la nyumba ya jirani walikaa tumbusi, wale ndege wakubwa wenye kichwa kitupu cha rangi ya waridi. Tulihesabu kumi na mmoja. Kwetu ndege kama hao wakikaa juu ya nyumba, watu wataanza kuulizana nani atakufa. Kule hakuna anayewatazama. Wanangojea matumbo ya samaki na mizoga, wanasafisha soko bila mshahara. Baadaye tulielezwa kwamba aina hii ya tumbusi iko karibu kuangamia katika sehemu nyingi za Afrika, kwa sababu watu wanawawekea sumu na kuuza vichwa vyao kwa dawa za kienyeji. Gambia ni mojawapo ya mahali ambapo bado ni wengi. Tangu siku hiyo tuliwatazama kwa heshima, ingawa harufu yao, wamama, hatuwezi kuisifu.

Na kabla hatujaenda mbali: mnyama wa hatari kuliko wote katika inchi ile anatosha juu ya ukucha. Mvua ya Gambia inaanza mwezi wa Juni na kuisha Oktoba, na malaria inafuata mvua hiyo. Wengi wanaosoma habari za safari wanaogopa nyoka. Nyoka wako, tena wa sumu, kwa hiyo usiku tulitembea na tochi na viatu vilivyofungwa. Lakini katika majuma matano hatukuona nyoka hata mmoja, na mbu hatukuweza kuwahesabu. Mama mwenye mimba au mwenye mtoto mchanga anayesafiri huko wakati wa mvua aanze na chandarua na ushauri wa muganga, kisha ndipo afikiri juu ya wengine.

Sasa tuje kwa mamba.

Katika mji wa Bakau, karibu na bahari, kuna ziwa dogo liitwalo Kachikally. Liko katikati ya nyumba za watu. Unapita kwenye njia za kartie, watoto wanacheza mpira, wamama wanaanika nguo, halafu unafika kwenye miti mikubwa na maji yaliyofunikwa na majani ya kijani. Mamba wako pale kwa makumi. Wengine wamelala kwenye saruji mahali pa kupita watu, kinywa wazi. Ziwa linatunzwa tangu zamani na ukoo wa Bojang. Wanasema jini mmoja alijifanya mwanamke aliyetumbukiza mtoto wake majini, akaomba msaada ili aupime moyo wa watu. Watu wa ukoo huo walimsaidia, naye akawakabidhi maji yale. Mpaka leo wanawake wasiopata mtoto wanaenda huko. Wamama wazee wa ukoo wanawaosha kwa maji ya ziwa na kuwaombea. Mtoto akizaliwa, wengi humpa jina la Kachikally.

Sisi ni wakristo na hatukwenda kuomba kitu. Lakini tulikuta mwanamke mmoja kijana amekaa kwenye benchi, kitambaa kipya kichwani, chupa ya maji mapajani, haongei na mtu. Mama mkwe wake alikuwa amesimama nyuma yake. Watalii hawakuwako kwa sababu ya mvua, kwa hiyo kulikuwa kimya. Hatukutaka kumtazama sana. Kila mmoja wetu anajua wanawake waliokaa hivyo, wengine kanisani, wengine kwa muganga, wengine katika chumba cha maombi usiku kucha. Tuliporudi nyumbani mwenzetu alimuuliza dada yake: "Na wewe walikupeleka?" Dada alicheka, akamgeuza mtoto upande wa pili, hakujibu. Hatukuuliza tena.

Watu wanagusa mamba wa Kachikally. Mlinzi anakuonyesha yupi ametulia, unaweka mkono mgongoni karibu na mkia, unapigwa picha. Wanalishwa samaki aitwaye bonga, wanashiba, wamezoea. Mwenzetu aligusa. Mimi na hofu yangu tulikaa nyuma.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu wa Uvira na wa kando ya Ruzizi. Msidhani mamba wenu ni sawa na hao. Kwa muda mrefu hata wataalamu walifikiri ni aina moja. Mwaka 2011, kwa kuchunguza damu na ngozi zao, pamoja na maiti za mamba zilizokaushwa na Wamisri wa kale, walihakikisha kuwa mamba wa Afrika Magharibi ni aina ya peke yake. Ni mdogo zaidi na mpole zaidi kuliko mamba wa Nile, yule wa kwetu. Mtoto aliyesikia habari za Kachikally asije akajaribu kushika mgongo wa mamba wa Ruzizi. Na hata Gambia, mamba wa mtoni ambaye hakulishwa na mtu si yule wa Bakau. Wamama wa huko wanaofua kando ya mto wanajua tofauti hiyo vizuri.

Si mbali na Bakau kuna msitu mdogo wa Bijilo, karibu na bahari na hoteli. Wanaoishi humo ni tumbili wa rangi ya kijani kidogo na mbega wekundu. Mbega wanakaa juu, wanakula majani na matunda mabichi, wana mkia mrefu kama kamba ya kengele, hawana shida na mtu. Tumbili ndio wanaokuja. Mlangoni watu wanauza karanga, na ingawa wenye parke wanakataza, watalii wananunua na kuwapa mkononi. Wakati wa mvua watalii hakuna, lakini tumbili wamekwisha kuzoea. Mmoja alimrukia mwenzetu, akafungua mfuko wake wa mkononi kama mtoto anayejua mama anaficha wapi beskuti, akachukua kitambaa cha pua. Alipoona si chakula, akamwonyesha meno.

Tulicheka wakati huo. Usiku hatukucheka, kwa sababu tulikumbuka Kadogo.

Kadogo alikuwa tumbili wetu. Baba alimnunua kwa mtu aliyepita na kikapu, sisi tukiwa watoto wa masomo ya msingi. Alikuwa mdogo hata anashikilia kidole cha mtu na mikono miwili. Tulimfunga kamba kiunoni, tukamfunga kwenye mti wa mapera. Tulimpa ndizi, bugali, chai yenye sukari, kila kitu. Mwaka wa kwanza alikuwa furaha ya kartie nzima. Mwaka wa tatu alikuwa ameanza kuvuta nywele na kurusha mavi. Siku moja alimuuma dada yetu mdogo shavuni, alama iko mpaka leo, naye sasa ni mama wa watoto wanne. Siku iliyofuata kamba ilikuwa pale kwenye mti, Kadogo hayupo. Hatukuuliza. Siku baba alipomnunua pia hatukuuliza. Yule mwenye kikapu alisema tu: "Mama yake alikufa."

Kwa anayesafiri, basi, habari ya tumbili ni fupi. Usiwape chakula. Chakula chetu kinawaharibu tumbo, na mkono unaotoa karanga leo unamfundisha kumwuma mtoto wa mtu mwingine kesho. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa. Tunasikitika kusema kwamba msitu wenyewe wa Bijilo umepungua. Sehemu yake ilikatwa ili kujenga jumba la mikutano. Tumbili waliokuwa upande huo wako sasa kwenye paa za watu.

Juma la nne, mtoto alipokuwa amekwisha kupata nguvu, shemeji alitupeleka kwa ndugu zake juu ya mto, karibu kilomita 300 kutoka baharini. Tulitoka alfajiri. Kule maji ya mto si ya chumvi tena, na wamama wanalima mpunga. Tuliwakuta ndani ya maji mpaka magotini, watoto mgongoni, wanapandikiza. Kilimo cha mpunga huko ni cha wamama, kama kwetu sombe na mihogo. Tuliwauliza juu ya viboko. Wakaanza kusema wote pamoja.

Kiboko mmoja anaweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, na mpunga mchanga kwake ni majani matamu. Asichokula anakikanyaga. Wamama wale wanalala mashambani kwa zamu, wanawasha moto, wanapiga masufuria. Mmoja alituonyesha shamba lake la mwaka uliopita, akachora kwa mkono hewani: kutoka hapa mpaka pale, usiku mmoja. Shemeji alikuwa anatufasiria, lakini hata bila yeye tungeelewa. Mtalii anayepita kwa mtumbwi anaona masikio mawili na pua juu ya maji, anafurahi, anapiga picha. Mwenye shamba anaona deni la mbegu. Sisi tuliona masikio matatu, maana mmoja alikuwa amelitoa moja tu.

Tuliwaambia habari za kwetu, Ziwa Edward, katika parke ya Virunga. Miaka ya 1970 viboko walikuwa zaidi ya 20,000. Vita na njaa vilikuja, watu wenye silaha waliwaua kwa nyama na meno, na mwaka 2005 walihesabiwa chini ya 1,000. Mavi ya kiboko yanalisha vijidudu vya majini, na samaki wanakula hivyo vijidudu. Wavuvi wa Vitshumbi wanajua walichopoteza. Wamama wa mpunga walisikiliza. Mmoja akajibu kwamba anafurahi viboko wetu walikuwa wanaleta samaki, ila wa kwake analeta njaa, na kama tunawapenda sana tuje tuwachukue. Hatukuwa na jibu la kumpa, hata leo hatuna.

Siku ya pili tulipanda mtumbwi wa injini kwenda kwenye visiwa vya sokwe. Wazee wetu wanawaita sokomutu. Visiwa vinaitwa vya nyani, lakini jina hilo lisiwapoteze. Mto ni mpana hapo, msitu unashuka mpaka majini. Kiongozi alizima injini mbali na ukingo. Hairuhusiwi kabisa kushuka. Sokwe wanapata mafua na kifua kutoka kwa watu, na mafua ya mtoto wako yanaweza kuua familia nzima ya sokwe. Tena sokwe mzima ana nguvu sana.

Tulingoja nusu saa. Halafu matawi yakatikisika, jike akashuka na mtoto tumboni. Akakaa kwenye shina lililolala, akatutazama. Mtoto alikuwa ananyonya. Alipomaliza, alijaribu kushuka, mama akamvuta mguu bila kumtazama, kama tunavyofanya sisi sote tukiwa tunaongea na mtu. Mwenzetu alinong'ona kwa Kiswahili: "Mama, shikamoo." Hatukujua tucheke au tulie.

Sokwe wale hawakuzaliwa wote huko. Sokwe wa msitu walikuwa wamekwisha Gambia zamani. Hadithi inaanza na mwingereza mmoja, Eddie Brewer, aliyefanya kazi ya misitu ya serikali. Mwaka 1967 aliitwa kumpiga risasi chui aliyekuwa anakula nguruwe za watu mahali paitwapo Abuko. Alipofika na kuona uzuri wa msitu ule mdogo wenye kijito, aliomba serikali iulinde, na mwaka 1968 ikakubali. Halafu zikaanza kufika sokwe watoto, walionyang'anywa wafanyabiashara waliokuwa wanawapitisha. Binti yake, Stella, aliwalea. Walipokua aliwapeleka Senegal, katika parke ya Niokolo-Koba, akaishi nao porini akiwafundisha kutafuta chakula na kujenga kitanda juu ya mti. Lakini sokwe wenyeji wa pale waliwashambulia. Mwaka 1979 akawahamishia kwenye visiwa hivi vya mto Gambia. Leo ni zaidi ya mia moja, wengi wao wamezaliwa hapo hapo. Kwa kuwa matunda ya visiwa hayawatoshi, wafanyakazi wanawaletea chakula kwa mtumbwi.

Sokwe jike anazaa mtoto mmoja, na anakaa miaka kama mitano kabla ya kuzaa mwingine. Muda huo wote mtoto ananyonya, anabebwa, analala kitandani mwa mama. Mama hamwachi mtu amchukue. Kwa hiyo kila sokwe mtoto unayemwona sokoni au kwenye uwa wa tajiri, ujue mama yake aliuawa kwanza, na mara nyingi pamoja na wengine waliojaribu kumsaidia. Nyama inauzwa upande mmoja, mtoto anauzwa upande mwingine. Tunasema hivi si kwa sababu ya Gambia peke yake. Pale Lwiro, si mbali na Bukavu, tangu mwaka 2002 wanalelewa sokwe na tumbili yatima waliookolewa katika Kongo yetu. Kinshasa, katika Lola ya Bonobo iliyoanzishwa na mama Claudine André mwaka 1994, watoto wa bonobo wanapewa wamama wa kuwalea. Kila mmoja ana mama yake, anamshika, anampa biberon, anamkumbatia mpaka aache kutetemeka, kwa sababu bila kukumbatiwa wanakufa hata wakiwa wameshiba. Wale ni wamama kama sisi, wana watoto wao nyumbani.

Turudi pwani. Jirani wa dada yetu ni mvuna chaza. Chaza ni kiumbe cha majini mwenye maganda mawili magumu kama jiwe. Anakaa ameshikamana na mizizi ya mikoko, miti inayoota ndani ya maji ya chumvi na mizizi yake imesimama kama vidole. Wanawake wanaenda kwa mitumbwi maji yakipwa, wamefunga vitambaa mikononi kwa sababu maganda yanakata kama wembe. Wanawagongoa, wanawachemsha, wanauza nyama, na maganda wanayachoma kupata chokaa. Zamani kila mmoja alichukua alichoweza, mwaka mzima, na mizizi ilikatwa pamoja na chaza. Chaza wakawa wadogo kama ukucha.

Mwaka 2007 wanawake hao walianza umoja wao, unaitwa TRY. Walikubaliana kufunga mavuno kwa miezi mingi zaidi, walipanda mikoko mipya, na mwaka 2012 serikali iliwapa wao haki ya kutunza na kuvuna chaza katika eneo la Tanbi. Mwaka huo huo walipata tuzo la Ekweta la Umoja wa Mataifa. Sisi tulifika wakati wa kufunga. Mtumbwi wa jirani ulikuwa umepinduliwa chini ya mti, kuku wametaga ndani. Tulimwomba atupeleke tukaonje walau wachache, kwani tumetoka mbali. Alikataa, akasema kwa ukali kwamba akienda yeye, kesho wenzake mia wataenda. Yeye wakati huo alikuwa anauza samaki wa kukausha, faida ndogo, na alilalamika kila siku. Lakini mtumbwi hakuugeuza.

Alitupeleka tu kutazama. Tuliona kaa wenye mkono mmoja mkubwa kuliko mwili wao, na samaki wadogo wanaotembea kwenye matope. Ndege walikuwa wengi, hatujui majina. Gambia ina zaidi ya aina 500 za ndege, na wazungu wanakuja kwa ajili yao tu, wengi baada ya mvua, wakati ndege wa Ulaya wanapokimbia baridi. Jirani alituambia pia juu ya nguva, mnyama mkubwa wa maji anayekula majani na kunyonyesha mtoto wake, mpole kabisa, ambaye hata yeye aliyezaliwa kando ya mto amemwona mara mbili tu maishani. Kongo pia yuko, kwenye mikoko ya Muanda, mwisho wa mto wetu. Ni wangapi kati yetu tuliojua?

Tulirudi nyumbani mwanzo wa mwezi wa tisa. Juma la tatu baada ya kurudi, jioni, kijana aligonga mlango wa parsele yetu. Alikuwa na kikapu kilichofunikwa na pagne ya zamani. Ndani alikuwamo tumbili mtoto, ameshikilia kipande cha nguo kwa mikono miwili, hana sauti. Kijana aliomba dola kumi. Watoto wakaanza kutusihi, na mtoto wetu wa mwisho akauliza: "Mama yake iko wapi?" Kijana akajibu: "Alikufa."

Tulimkaribisha akae, tukampa maji na chakula, kwa sababu alikuwa amechoka na ni mtoto wa watu. Tulimweleza juu ya sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, inayolinda wanyama wa porini katika inchi yetu, tukamwambia tunaweza kuwaita watu wa parke wamchukue mnyama huyo, wala yeye hatafungwa kwa kumleta. Alisikiliza mpaka tulipotaja kupiga simu. Aliacha sahani, akachukua kikapu, akatoka akikimbia. Tulikwenda nyuma yake mpaka barabarani, hatukumwona tena.

Tumekwisha kuwajulisha watu wa ICCN. Kijana ana miaka kama 17, amevaa shati la mpira la manjano, kikapu chake kina mpini mmoja uliofungwa kwa waya. Akipita kwenu, wamama, msinunue na msimpigie kelele. Mpeni chakula, mtumeni mtoto mkubwa kwetu au kwa chefu wa avenue, saa hiyo hiyo. Mnyama yule mdogo alikuwa bado ananyonya, hawezi kungoja mkutano wa Jumamosi.